Aliyekuwa Ndani ya Kioo

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana nakujua: barua yako itaanza kwa shikamoo na kuishia hapohapo. Sisi huku tupo. Mama anakusalimu na anauliza unakula nini huko, mbona kwenye picha uliyotuma shingo imekuwa ndefu. Shemeji yako bado anahangaika na pikipiki yake, leo inawaka, kesho inasukumwa. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele, siku hizi anacheka amefunika mdomo kama bibi harusi.

Sasa nikwambie lililonikalisha chini kuandika. Shuleni kwangu walikuja wageni na magari mawili, wote wamevaa fulana za rangi moja, na mpiga picha wao nyuma. Wametuachia kishikwambi kimoja kwa shule nzima na paneli ya jua ya kukichaji. Wanasema ndani yake mna akili mnemba, mwalimu asiyechoka, asiyeumwa, asiyeomba ruhusa ya kwenda msibani. Mgeni aliposema hayo alinitazama mimi, mwalimu mkuu, kana kwamba nimemaliza misiba yote ya nchi. Mtoto anauliza swali kwa kuandika au kwa kusema, mashine inamjibu. Shule za mjini jibu linakuja papo hapo. Huku, kama ujuavyo, mtandao haupo mpaka upande kilimani kwenye tangi la maji. Kwa hiyo maswali tunayakusanya mchana, Mwalimu Nukta anapanda nayo jioni, kesho yake anapanda tena kuchukua majibu. Nukta hujamwona, alikuja baada ya wewe kuondoka. Ndiye mwalimu wetu pekee wa hesabu. Watoto walimpa jina hilo kwa sababu kila kauli yake anaifunga kwa kusema "nukta", hata akiomba chumvi.

Kishikwambi wamekiita Mwalimu Kioo, na wanakipenda. Mimi sina raha nacho. Mtu hakupi ng'ombe wa maziwa halafu akasahau kuuliza maziwa. Nilimuuliza mkubwa wa msafara, "Sauti za watoto zikishatoka hapa zinakwenda wapi?"

"Zinakwenda kwenye wingu, mwalimu."

Nikatazama juu. Yeye akacheka, mimi sikucheka.

Wewe ndiye uliye karibu na mambo haya ya mashine. Niambie hiki kitu ni nini. Na ukishamaliza, niambie na kazi yako ni ipi hasa. Mama anawatangazia majirani kwamba mwanawe ni mwalimu mjini. Simkatalii, lakini najua chuo cha ualimu ulimaliza na ajira hukupata. Simu usipige, pale kwenye tangi watu hupanga foleni nyuma yako wakasikiliza mpaka pumzi. Andika.

Dada yako


6 Machi

Dada,

Shikamoo, na haiishii hapo kama ulivyonisingizia. Mwambie mama shingo ni ileile, shati ndilo lililolegea. Mpe pole shemeji na pikipiki yake. Mpwa wangu mwambie meno yakiota nitamletea kitu cha kutafuna. Mimi ni mzima. Chumba nimehama, sasa napangisha nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo asubuhi siamshwi na jogoo, naamshwa na nyundo.

Kazi ni ya ofisini. Tunaingia, tunaandika, tunatoka. Hakuna cha kusimulia.

Kuhusu hicho kishikwambi, si kibaya mradi kitumike vizuri. Waambie watoto wasijikaze kuuliza kama kitabu. Waulize kwa maneno yao ya nyumbani, waseme wamekwama wapi na walijaribu nini kabla ya kukwama. Hapo majibu yatawafaa zaidi. Na huyo anayetaka kujua kwa nini namba haigawiki kwa sifuri, msimkemee. Swali lake lina uzito kuliko anavyodhani.

Sauti zinakwenda wapi sijui. Nakushauri usimsumbue mtu mwingine kwa swali hilo.

Nisalimie wote.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Huku kumeharibika kitu.

Nianze na mazuri. Ulivyoshauri ndivyo tulivyofanya, na Mwalimu Kioo aligeuka kuwa mwalimu kweli. Watoto waliokuwa wanajificha nyuma ya wenzao kipindi cha hesabu walianza kugombania zamu ya kuuliza. Majibu yalikuwa ya upole, yanamfuata mtoto mpaka pale alipoangukia na kumnyanyua. Mtihani wa majaribio tukapanda ajabu. Wageni wa fulana wakarudi na mpiga picha wao, wakasema shule yetu ni mfano wa kuigwa, wakaandika ripoti.

Ripoti ikafika kwa afisa elimu. Afisa akaleta karatasi: shule yenye mashine inayofundisha vizuri namna hii inaweza kuachia mwalimu aende penye upungufu. Nukta amehamishwa. Alipanda lori la mbao na godoro lake, watoto wamesimama barabarani hawajui wapunge mkono au walie. Hakusema "nukta".

Kwa hiyo sasa ninayepanda kilimani ni mimi. Jumatatu nilikaa pale kwenye tangi nikasoma majibu kabla ya kuyashusha, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Mtoto wa darasa la tano alikuwa amekwama kwenye sehemu za namba. Akajibiwa hivi, nimenakili: "Chukua mche wa sabuni. Kabla hujaugawa, kata kwa uzi kipande cha mgeni, kiweke pembeni. Kilichobaki ndicho kizima chako, sasa gawa."

Kipande cha mgeni! Nani duniani anasema kipande cha mgeni isipokuwa mama yetu, aliyekuwa akikata sabuni kwa uzi mlangoni huku sisi tumekodoa macho tuone nani atapata kikubwa? Nimezunguka kwa majirani nikiwauliza wanakataje sabuni, wakaniona nimerukwa na akili. Wanakata kwa uzi, naam. Kipande cha mgeni hakuna anayekijua.

Nikarudi nyumbani nikatoa barua yako ya Machi. "Huyo anayetaka kujua kwa nini namba haigawiki kwa sifuri." Mdogo wangu, habari ya mtoto huyo sikukuandikia. Wakati natuma barua yangu alikuwa hata hajauliza. Alimuuliza Kioo, basi, hakumuuliza mwingine.

Umejuaje?

Usinizungushe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi sasa natazama nguo zangu moja moja. Mmetuchukulia maneno ya mama mkayatia kwenye mashine? Mnasikiliza nyumba zetu?

Mama yupo. Wengine wapo. Nijibu.

Dada yako


19 Mei

Mdogo wangu,

Barua yangu ilifika. Utingo wa basi aliikabidhi posta mkono kwa mkono, na shemeji yako anasema umempigia akiwa kilimani ukamuuliza habari za mvua. Tangu lini mvua ikakuhusu? Aliyefungwa mdomo kwa kamba utamwona anahangaika nayo. Wewe umetulia tu, basi mdomo umeufunga mwenyewe.

Sikuandiki tena mpaka uandike.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeichana mara kadhaa. Ukishaisoma ichome, na ninakuomba kwa jina la mama, usinitaje popote.

Hakuna anayesikiliza nyumba yetu. Mimi ndiye niliyeandika habari ya sabuni.

Tunafanya kazi kwenye ghorofa juu ya duka la magodoro. Ni chumba kirefu, madirisha yamepakwa rangi nyeupe ili tusione nje, meza zimepangwa kama darasani na kila mtu ana visikilizio masikioni. Karibu wote tumesomea ualimu. Anayekaa kulia kwangu ni mwalimu wa jiografia ambaye hajawahi kupewa darasa. Mbele yangu kuna wa kemia. Mashine ipo, si uongo, na watoto wa shule za mjini inawajibu yenyewe. Lakini ilifunzwa kwa sauti zilizonyooka na maneno ya watu wa mjini. Mtoto wa kwetu akiuliza kwa lafudhi yake, akachanganya maneno ya nyumbani, upepo nao unapuliza kwenye kipaza sauti, mashine inakwama. Ikikwama, swali linadondoka kwetu. Tunajibu sisi, na jibu linakwenda kama limetoka kwa mashine. Haturuhusiwi kuandika "mimi". Haturuhusiwi kutania. Kule kuchelewa kwa majibu mlikodhani ni mtandao, nusu yake tulikuwa ni sisi.

Siku jina la shule yako lilipotokea kwenye kioo changu nilisimama bila kujua. Wenzangu wakazoea, maswali yenu yakija wanasema, "Watoto wako hao," wananisukumia. Dada, nilisomea kufundisha na nikakosa darasa. Pale juu ya magodoro ndipo nilipolipata. Nilikuwa naingia kazini mapema nione yule wa sifuri ameelewa au bado. Unanielewa? Sikuweza kukwambia kwa sababu nilitia saini kwamba nikimwambia yeyote, hata mzazi wangu, nafukuzwa kazi na kushitakiwa juu yake.

La Nukta sikulijua. Naapa. Niliposoma barua yako nilitoka nje nikasimama penye ngazi mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa.

Lipo na baya zaidi. Kila tulichowaandikia watoto, mashine ilikuwa inakila ili ijifunze. Wametuambia sasa imeshiba. Mwisho wa mwezi chumba kinafungwa, nasi tunatawanyika. Majibu yatakayokuja Julai si yangu.

Halafu, umeandika "mama yupo". Mama hajawahi kuwa "yupo" tu. Kuna nini?

Mdogo wako


15 Julai

Mdogo wangu,

Unaniuliza kuna nini, wewe. Haya. Mama alianguka mwezi wa nne, kwenye mteremko wa kwenda kisimani, akavunjika mkono. Umefungwa, unaunga, siku hizi anaamrisha watu kwa ule mkono mzima. Sikukwambia kwa sababu niliona unanificha, nikasema na mimi nikufiche uonje. Ndiyo tabia tuliyofikia, watoto wa tumbo moja.

Nukta umemhamisha wewe. Najua hukukusudia. Lakini ungefundisha vibaya, tungekuwa naye mpaka leo. Nimelala na wazo hilo mpaka nikakuchukia, nikaamka nikajichukia mwenyewe kwa kukuchukia. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kufundisha vizuri. Basi nimlaumu nani?

Mashine yako iliyoshiba ndiyo hii sasa. Mtoto ameuliza kwa nini maji ya kisima alfajiri yanakuwa na joto. Amejibiwa akague kama swichi ya hita imezimwa. Mwingine kauliza namna ya kupima shamba lililo kwenye mteremko, akaambiwa afungue ramani kwenye simu yake. Simu yake! Wanasoma majibu, wananitazama. Yule wa sifuri ameacha kuuliza kabisa.

Kukawa na kikao cha wazazi. Afisa elimu alikuja mwenyewe. Nikasimama nikasema majibu mazuri ya mwanzo hayakuwa ya mashine, yalikuwa ya watu, na watu hao wameondolewa, kwa hiyo ripoti iliyomhamisha mwalimu wetu ni ya uongo.

Afisa akaweka kalamu mezani. "Nani kakuambia?"

Nikanyamaza.

"Mwalimu mkuu, hilo ni shitaka zito. Shahidi wako nani?"

Nikaketi. Mzazi mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Anaionea wivu mashine, imemzidi." Watu wakacheka. Watoto wao nimewafundisha kusoma, mdogo wangu, na wengine nimewafundisha wao wenyewe. Hata shemeji yako alitazama chini. Afisa akasema nikirudia maneno hayo bila ushahidi atanivua ukuu wa shule.

Barua yako nimeichoma, kama ulivyotaka. Nilinyamaza kwa ajili yako, na sijui kama nilifanya vyema au nimefanya ujinga. Usiniandikie kunishukuru.

Dada yako


9 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mpe mama pole yangu, na umwambie nitakuja kuitoa mwenyewe. Sikushukuru, umenikataza.

Nilikwenda kwa afisa elimu. Nilipanda basi la alfajiri, nikakaa kwenye benchi la nje mpaka wote walionikuta wakahudumiwa wakaondoka. Karani alikuwa akinipita kama kiti. Mwishowe afisa alitoka kwenda kula akanikuta, nikamwambia pale pale mlangoni, "Yule shahidi aliyekosekana kwenye kikao ni mimi."

Alirudi nami ndani, hakunipa kiti. Nilimweleza yote: chumba, madirisha meupe, jinsi maswali yanavyodondoka. Akanisikiliza amekunja mikono.

"Umeachishwa kazi lini?"

"Mwisho wa Juni."

"Na mwalimu mkuu ni nani wako?"

"Dada yangu."

Akacheka kwa pua. "Kwa hiyo nina mfanyakazi aliyefukuzwa mwenye kinyongo, na dada yake anayetaka mwalimu wake. Kijana, ungekuwa mimi ungeamini?"

"Nisingeamini," nikasema. "Ndiyo maana sikuombi uniamini. Kishikwambi cha maonyesho kile juu ya kabati, tukiwashe."

Alikishusha kwa shingo upande. Mtandao pale ni mzuri, si wa tangi la maji. Akauliza yeye swali la kwanza, kwa sauti ya kuhutubia kikao, neno moja moja. Likajibiwa mara moja na vizuri, akanitazama kama aliyeshinda kesi. Nikamwomba kifaa. Nikauliza swali lilelile kama angeliuliza mtoto wa kwetu, kwa maneno ya nyumbani na kwa mwendo wetu wa kusema. Mashine ikasema, "Samahani, sijakuelewa. Tafadhali sogea karibu na kipaza sauti."

"Umeigiza," akasema afisa.

"Basi uliza wewe. Uliza kama unaongea na mama yako."

Sikujua kwao ni wapi, dada, lakini alipofungua mdomo nilijua si mjini. Sauti ilibadilika kabisa, ikawa ya mtu mwingine. Mashine ikamwambia asogee karibu. Akasogea. Ikamwambia tena. Akasogea mpaka midomo ikakaribia kugusa kioo, akauliza kwa mara ya tatu, polepole, na jasho limemtoka kwenye paji. "Samahani, sijakuelewa."

Alikiweka chini. Akainuka akafunga mlango, akavuta kiti kwa mguu akanipa.

"Mlikuwa wangapi humo ndani?"

Nikamwambia. Akauliza kama yupo mwingine atakayekubali kusema. Nikasema sijui, maana wote walitia saini kama mimi. Nilirudi mjini nikamweleza yule wa jiografia. Alinitazama kama nimemletea nyoka kwenye mfuko. Kesho yake niliporudi kwa afisa elimu nilimkuta ameketi kwenye lile benchi la nje, amevaa viatu vya usaili.

Kampuni imeshanipigia. Mtu mpole sana, ananikumbusha saini yangu. Mara mbili sasa. Naogopa, sitakudanganya.

Mdogo wako


30 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama ameondoa kitambaa mkononi, amerudi kugombana na kuku. Pikipiki ya shemeji yako imeuzwa, na aliyeinunua ameanza kuisukuma.

Nukta amerudi. Ripoti imetenguliwa, na afisa aliisoma barua ya kuitengua mwenyewe mbele ya wazazi. Hakuniomba radhi, ila aliponipa mkono aliushika kwa muda mrefu kuliko desturi. Nukta aliingia darasa la tano akakuta ubao umejaa vumbi, akaufuta, akasema, "Nimerudi, nukta." Watoto walipiga kelele mpaka bati likaitikia. Yule mzazi wa wivu aliniletea kuni. Nimezipokea. Kuongea naye bado.

Kishikwambi kipo kabatini. Nukta anakitoa akitaka picha za maumbo au maana za maneno, halafu anakirudisha. Nilipotaka kukitupa alinizuia, akasema chombo hakina kosa. Mimi nakitazama kwa jicho la pembeni. Sauti za watoto wetu zilikwenda wapi, bado sijajibiwa. Nimemuuliza afisa, amesema ameuliza. Na huyo aliyemuuliza labda naye ameuliza. Sitaacha.

Mama nimemwambia ulichokuwa unafanya. Nilidhani atasikitika. Akasema, "Si nilisema ni mwalimu? Mkanibishia."

Sasa mimi na wewe. Nimefurahi ulikwenda kule, nilisoma barua ile nimesimama. Lakini sitakuandikia kwamba yamekwisha. Ulinipa ushauri kuhusu watoto wangu huku ukiwa ndiye unayewajibu, ukaniacha nipapase kama kipofu shuleni kwangu mwenyewe. Ukiniambia leo ni Jumanne, nitatazama kalenda kwanza. Itapita. Nipe muda, na usinifiche kitu, hata kidogo, hata cha kunifurahisha.

Unafanya nini sasa? Jibu kamili safari hii.

Dada yako


28 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Jibu kamili ni hili.

Afisa aliniita nikadhani ni kesi. Kampuni haijashitaki, na mwanasheria wa ofisi ya elimu anasema huenda ikaona aibu kusimama mahakamani kueleza nilichofichua. Sina hakika na hilo. Afisa alichoniitia ni kingine. Anayo shule moja ambayo kila mwalimu anayepelekwa huripoti, akaona njia ilivyo, akaondoka. Kilima cha kupata mtandao hakipo, umeme haupo, hata hao wa fulana hawajafika. Akasema mkataba ni wa muda, ajira ya kudumu haiahidiwi, na angeelewa nikikataa. Nikamwambia nitampa jibu kesho, kisha nikampa palepale.

Basi linaishia mtoni. Kutoka hapo nimetembea na begi kichwani na godoro mgongoni. Nyumba ya mwalimu ina mlango unaofungwa kwa kamba, na aliyekuwepo kabla yangu aliacha ndala ya mguu mmoja. Nimefagia. Mwalimu mkuu ni mzee wa makamo anayefundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja kwa kusimama kwenye uwazi wa ukuta ulio kati yao. Aliponiona hakutabasamu. Aliniuliza tu kama nimekuja na godoro, nikasema ndiyo, akatikisa kichwa kama ambaye hilo nalo ameshawahi kulisikia.

Leo asubuhi ndipo nilipoingia darasani mara ya kwanza. Dada, kule juu ya magodoro nilikuwa na muda wa kufikiri, nikikosea nafuta, hakuna anayeona uso wangu. Hapa nilikosea kuandika tarehe na wote wakaona. Nikajitambulisha. Nikawaambia waulize lolote kuhusu hesabu, hata wanaloliona la kijinga. Walikuwa wananitazama kama wewe unavyokitazama kile kishikwambi.

Mwishowe msichana mmoja wa kando ya dirisha akanyoosha mkono, nusu, kama anayepima joto la maji.

"Mwalimu, na kesho utakuja?"

Nikasema nitakuja.

Alinitazama, akawatazama wenzake. Kisha akafungua daftari lake, na mmoja mmoja, bila kuharakisha, wengine nao wakafungua.

Leo ni Jumatatu. Tazama kalenda.

Mdogo wako